Sauti ya Kazi: Usanisi wa Usemi wa Kiswahili na Msomaji Asiyeona

Wilaya ya Same mkoani Kilimanjaro, ikitamkwa na sauti ya Kiingereza ya kompyuta, hugeuka "Seim". Neno wake huwa "weik", pole huwa "poul", na wale husikika "weil". Mwanafunzi asiyeona ambaye kompyuta yake haina sauti ya Kiswahili huzoea kusikia vitu hivi na kuvirudisha kichwani katika lugha yake, neno baada ya neno, mstari baada ya mstari, mpaka insha iishe. Mwenzake anayeona hana kazi hiyo. Wote wawili wanafanya mtihani mmoja.

Kinachosikitisha ni kwamba sauti ya Kiswahili ipo. Mwaka 1995 Jonathan Duddington wa Uingereza aliandika programu ndogo ya kusema kwa ajili ya kompyuta za Acorn, na mwaka 2006 akaitoa upya kwa jina la eSpeak, msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote. Mwaka huohuo Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alianza kuandika NVDA, programu ya kusoma skrini inayotolewa bure; baadaye James Teh, naye asiyeona, akajiunga naye. NVDA ilisafiri na eSpeak ndani yake. Tangu 2015 kazi hiyo inaendelezwa kwa jina la eSpeak NG, na leo inasema lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo, zote zikienea katika megabaiti chache. Siri ya udogo huo ni kwamba haihifadhi maneno wala sentensi zilizorekodiwa za mtu yeyote. Inapiga hesabu ya masafa ya mwangwi wa kinywa, kisha inaunda irabu papo kwa papo, na kwa konsonanti kama s inatumia vipande vifupi sana vya sauti vilivyorekodiwa.

Anayeisikia kwa mara ya kwanza huiona kavu, kama inatoka kwenye bati. Kwa sababu hiyo wengi wanadhani tatizo letu litakwisha tukipata sauti inayofanana na ya binadamu, na sauti hizo zimeshafika. Microsoft ina Zuri na Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, Rehema na Daudi kwa cha Tanzania. Ni sauti nzuri kweli, na kwa kusikiliza riwaya jioni sioni sababu ya mtu kujinyima. Lakini asiyeona anayefanya kazi ya ofisi hasikilizi riwaya. Anapita kwenye jedwali seli baada ya seli, anafuta herufi aliyokosea, anaruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, na kila anapogusa kibodi anahitaji kusikia jibu papo hapo. Wazoefu huongeza kasi ya sauti kiasi kwamba mgeni aliyesimama kando haambulii neno. Sauti iliyoundwa kwa hesabu hubaki inaeleweka kwa kasi hiyo. Sauti inayopaswa kwenda kwenye seva ya mbali na kurudi huchelewa, hula bando, na mtandao ukikatika hunyamaza. Ndiyo maana nashikilia kwamba lugha zenye rasilimali chache zianze na sauti ya kazi: nyepesi, isiyohitaji intaneti, inayoweza kusahihishwa na watu wake. Uzuri uje baadaye.

Kusahihishwa ndiko kwenye kiini cha hoja yangu, na hapa suala linatoka mikononi mwa wahandisi na kuingia katika idara zetu za Kiswahili. Chukua namba. Mwandishi ameandika "watoto 3". Programu isiyojua ngeli itasema "watoto tatu", na masikio ya Mswahili yatakwaruzwa. Basi tuifundishe upatanisho: moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea kiambishi, sita, saba na tisa hazipokei, wala kumi. Kwa hiyo "vitabu 28" ni ishirini na vinane, lakini "vitabu 27" ni ishirini na saba. Kisha tuizuie isipatanishe katika "tarehe 3", na ijue kwamba "kidato cha 2" ni cha pili. Hadi hapo kanuni zinaandikika. Sasa ipe "walimu wa shule 5". Je, ni walimu wa shule tano, au walimu watano? Jicho linaweza kuiacha tarakimu kama ilivyo na kungoja sentensi inayofuata. Sauti haina nafasi hiyo, kwani ni lazima itamke ama tano ama watano, na ikitamka imeshaamua maana kwa niaba ya msikilizaji. Programu inayosoma tarakimu bila kiambishi kila mahali haijakwepa uamuzi huo. Imemwambia asiyeona kwamba shule ndizo tano.

Kwenye fedha gharama yake ni kubwa zaidi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, ujumbe wa simu umekuwa risiti ya mamilioni ya watu. Ujumbe ukisema 45,000, sauti husema "elfu arobaini na tano". Ukisema 40,005, maneno yanayotoka ni hayohayo. Anayeona hawezi kukosea, maana tarakimu ziko mbele yake. Utata wote unazaliwa pale maandishi yanapogeuzwa sauti, na unamwangukia mtu mmoja tu. Sokoni watu wana dawa yake: husema "arobaini na tano elfu" wanapotaka kuondoa shaka, na 105,000 huiita laki moja na elfu tano. Kwa maoni yangu programu zifuate mazoea hayo ya sokoni, hata kama mwalimu wa hesabu atapendelea mpangilio mwingine. Saa nazo zina neno lao: simu inaandika 19:30, ilhali hakuna Mswahili anayesema saa kumi na tisa na dakika thelathini.

Yapo mengine madogo. Katika ng'ombe, alama ya ritifaa ni sehemu ya herufi, lakini programu za kuandikia huigeuza kuwa alama ya kufungia nukuu, na programu ya kusoma skrini inaweza kulikata neno vipande viwili. Barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa zinatofautiana kwa mkazo tu, nao hatuuandiki. Kiswahili hata hivyo kina nafuu kuliko jirani zake. Kikuyu, Kisukuma na Kinyarwanda zina toni ambazo maandishi ya kila siku hayazionyeshi. Huko sauti italazimika kukisia kwa kila sentensi, na bila kamusi zenye toni haitakisia vizuri.

Kazi hii haikosi watangulizi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Uingereza walieleza mfumo wa kusema Kiswahili uliojengwa juu ya Festival, programu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Huko Urusi, Olga Yakovleva alianzisha RHVoice kwa ajili ya Kirusi, na kwa kuwa msimbo wake uko wazi, Watatari, Wakirgizi na Wajojia wamepata sauti zao humo bila kungoja kampuni iwaone kuwa soko. Mwaka 2023 Meta ilitoa modeli za kusema lugha zaidi ya 1,100, nyingi zikitokana na usomaji wa Agano Jipya, lakini leseni yake inakataza matumizi ya kibiashara. Sauti iliyojifunza kwa maandiko matakatifu pia haijafundishwa kusoma risiti.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji, breli na teknolojia za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu, yote katika kifungu kimoja. Vyuo vyetu bado vinayatenganisha: sarufi iko idara hii, kompyuta ile, na asiyeona yuko ofisi ya ustawi wa wanafunzi. Faili za Kiswahili katika eSpeak NG ni maandishi ya kawaida, sw_rules na sw_list, ambayo mwanafunzi wa isimu anaweza kuyafungua leo akayasoma. Napendekeza kanuni za upatanisho wa namba, za fedha na za saa, pamoja na sentensi za kuzijaribu, zikubaliwe kuwa tasnifu kamili ya shahada ya uzamili, hapo TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na kwingineko. Na mmoja wa watahini awe msomaji asiyeona, anayeisikiliza kazi hiyo kwa kasi anayoitumia ofisini kwake.