Edwina Booth na Maporomoko ya Murchison

Edwina Booth alizaliwa Provo, Utah, Marekani, mwaka 1904, akaanza uigizaji mwishoni mwa enzi ya filamu bubu. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimleta Afrika Mashariki kuigiza katika Trader Horn. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa kwenye maporomoko ya Murchison, kaskazini-magharibi ya Kampala. Mkenya Mutia Omoolu aliigiza pamoja naye.

Filamu ilitoka mwaka 1931 ikiwa na sauti, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Booth, aliyerudi kwao mgonjwa, aliishtaki kampuni. Wakapatana nje ya mahakama. Baada ya 1932 hakuonekana tena katika filamu. Uvumi ulimzika mapema, kumbe aliishi hadi 1991. Tunaposifu mandhari ya Nile katika filamu hiyo, tumkumbuke aliyeyalipia kwa afya yake.