Istilahi za Kuzitambua Ndege za Zamani

Picha ya zamani ya eropleni mara nyingi humfikia msomaji ikiwa na maelezo ya maneno machache tu: "ndege ya zamani". Wapenzi wa historia ya usafiri wa anga hawawezi kuridhika na maelezo hayo, kwani kazi yao ni kuutambua mwaka, mahali na matumizi ya ndege kwa kuyatazama mabawa, injini na miguu yake. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa kwa Kiswahili, mradi tuzipambanue kwanza istilahi chache.

Mfano ulio karibu nasi ni mapigano ya Rufiji. Baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, huko Unguja tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliitafuta kwa ndege. Kwanza walitumia Curtiss, ambayo kiwiliwili chake chenyewe kilikuwa kama mashua na kilitua juu ya maji. Mwaka 1915 zikaletwa Sopwith na Short, ambazo viwiliwili vyake viliinuliwa juu ya maboya. Hatimaye zikaja Henri Farman na Caudron, zenye magurudumu, zilizoruka kutoka uwanja uliotayarishwa kisiwani Mafia. Hizi ndizo zilizoelekeza mizinga ya Severn na Mersey hadi Königsberg ilipoangamia tarehe 11 Julai, 1915.

Mwandishi aziitaye zote "ndege" amesema kweli, lakini hakueleza. Aziitaye Curtiss na Short "ndege za maji" amechanganya aina mbili. Kwa mtambuzi, tofauti hiyo ndiyo ushahidi: picha yenye maboya makubwa chini ya kiwiliwili haiwezi kuwa ya Curtiss iliyoruka mwaka 1914, hata kama maelezo yake yasema hivyo. Kwa hiyo twapendekeza "ndege-mashua" kwa aina ya kwanza, na "ndege ya maboya" kwa aina ya pili.

Ugumu mwingine umo katika mabawa. Shirika la Imperial Airways lilipofungua safari ya London hadi Mwanza mwaka 1931, lilitumia ndege-mashua aina ya Short Calcutta. Mwaka 1937 ndege-mashua aina ya Short Empire zilianza kupita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Calcutta ilikuwa na bawa juu ya bawa na injini tatu. Empire ilikuwa na bawa moja lililopita juu ya kiwiliwili, na injini nne. Baadhi ya watu huiita aina ya Calcutta "ndege ya mabawa mawili". Lakini je, ni ndege gani isiyo na bawa la kulia na la kushoto? Yafaa tuhesabu tabaka: "ndege ya tabaka mbili" na "ndege ya tabaka moja". Kwa kipimo hicho, Dragon Rapide, ambazo East African Airways ilianza nazo mwaka 1946, hupambanuka mara moja na Dakota zilizofuata.

Huenda wengine wakaona ni rahisi zaidi kuyachukua maneno ya kigeni yalivyo. Hatupingi kukopa panapolazimu. Lakini hapana budi tukumbuke kwamba "rubani" alikuwa mwongoza vyombo vya baharini kabla hajapanda angani, na "usukani" ulikuwa wa jahazi. Wahenga wetu hawakushindwa kukipa chombo kipya maneno ya chombo walichokijua.

East African Airways ilivunjika mwaka 1977, na waliohudumu katika karakana zake wanazidi kupungua. Maneno waliyoyatumia wakizitengeneza ndege hizo yasipokusanywa na kuandikwa, yatakwenda pamoja nao. Picha zitabaki, lakini hatutakuwa na lugha ya kuzisoma.