Umri wa Kuolewa: Zamani za Warumi na Kwetu

Sheria ya Warumi ilisema ya kwamba msichana akiisha kutimiza miaka 12 aweza kuolewa, maana walihesabu kuwa ndipo mwili umepevuka. Kwa Wayunani wa Athene nako, binti wa miaka 14 au 15 mara nyingi aliozwa kwa mtu wa miaka 30. Baba ndiye aliyemtoa, tena na mali juu yake. Lakini Soranus, tabibu wa Kiyunani aliyetibu watu Roma yapata mwaka 100, alionya ya kuwa mimba katika mwili usiokomaa ni hatari.

Kwetu bondeni Kilombero miaka haikuhesabiwa. Zamani, kwa Wapogoro, binti akiisha kuvunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akafundwa na wanawake watu wazima; na mahari ilitoka kwa mume. Desturi zilipishana, ila pote dalili ya mwili ndiyo iliyofungua mlango wa ndoa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, hali mvulana alitakiwa kutimiza 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka ya kwamba jambo hilo lapingana na Katiba; mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha.

Wazazi wa Mngeta, ninyi mwaujua mpunga. Ukichanua hamuuvuni, mwangoja suke lijae. Mbona basi binti aliye darasani avunwe akichanua?