Jina la Ugonjwa Kabla ya Swali: Utabibu wa Akili kutoka Mathari hadi Katanga

Barabara ya Lubumbashi ikifika Kasomeno hugawanyika: moja huelekea Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula, na nyingine hupanda kaskazini hadi Pweto. Familia ya huko ikipata mgonjwa wa akili, kwa kawaida huanza na walio karibu: wazee wa ukoo, mganga wa jadi, kanisa la maombi. Hospitali huja baadaye, nayo iko mbali, mjini Lubumbashi, katika Kituo cha Daktari Joseph Guislain kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Shirika hilo la Kikatoliki lilianzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Guislain mwenyewe (1797–1860) alikuwa daktari wa mji huohuo, na jina lake limebaki kwa sababu alipigania wagonjwa wa akili wafunguliwe minyororo na kutendewa kama watu.

Jina hilo jema halifuti historia nzito. Utabibu wa akili haukuja Afrika ya Mashariki na Kongo kama mgeni anayebisha hodi. Ulikuja pamoja na serikali ya kikoloni, ukatoa jina la ugonjwa kabla ya kumwuliza mgonjwa habari za maisha yake. Lawama zote zinazotolewa leo dhidi ya fani hii, juu ya majina yake na dawa zake, kwetu zina mzizi hapo.

Ubongo uliopimwa Nairobi

Katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, wamisionari walifungua makao ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1904. Nairobi ilipata ya kwake mwaka 1910, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 yaliitwa Mathari, jina linalojulikana na Wakenya wengi hadi leo.

Miaka ya 1930, H. L. Gordon, daktari aliyehudumu Mathari, alitangaza kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa. Mwenzake F. W. Vint alichunguza bongo za marehemu wa Kiafrika na kudai kwamba gamba la ubongo wao halikukua kama la Mzungu. Waliopimwa walikuwa maiti za hospitali, watu maskini ambao njaa na maradhi yao ya utotoni hayakuhesabiwa ipasavyo. Hata hivyo, madai hayo yalijadiliwa Nairobi na London kama sayansi, na walowezi wakayatumia kupinga elimu ya Waafrika.

J. C. Carothers alishika uongozi wa Mathari mwaka 1938, akiwa daktari wa serikali asiyekuwa na mafunzo rasmi ya magonjwa ya akili, akakaa hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilimtaka aeleze Mau Mau, uasi wa waliodai ardhi yao, naye akaueleza kama tatizo la nafsi zilizovurugwa na mabadiliko. Ardhi iliyoporwa ikageuzwa dalili ya ugonjwa.

Hilo halikuwa jambo jipya. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Marekani alibuni maradhi aliyoyaita drapetomania, yaani ugonjwa unaomfanya mtumwa atoroke kwa bwana wake. Karne moja ilikuwa imepita, lakini mwenendo ulikuwa uleule: anayekataa kuonewa anaandikiwa jina la maradhi.

Picha na vipimo vya Katanga

Katanga ilipita njia yake. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na bwana wake alikuwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Aliyesimamia siasa ya wafanyakazi wa kampuni kwa miaka mingi alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Mwaka 1946 alichapisha maelezo ya siasa hiyo: mfanyakazi apewe nyumba, posho, hospitali na shule, naye aongozwe kama mtoto anavyoongozwa na baba.

Katika mazingira hayo vipimo vya saikolojia vilistawi. Kampuni ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na malezi, ambako Paul Verhaegen na mwenzake J. L. Laroche walitengeneza majaribio ya kupima uwezo wa Wakongomani. Naye André Ombredane, daktari na mwanasaikolojia Mfaransa aliyefundisha Brussels, alibuni kipimo cha picha kilichochapishwa mwaka 1954. Mtu alionyeshwa picha za watu, akaambiwa asimulie kinachotokea. Ombredane alikubali kwamba picha za Kizungu haziwafai Wakongomani, akatumia nyingine zenye sura na mazingira ya Kongo.

Hiyo ilikuwa hatua. Lakini mwaka 1956, huko Algeria, daktari wa akili Frantz Fanon na mwenzake Charles Geronimi walilipeleka jambo mbele zaidi. Waliwaonyesha wanawake Waislamu wa hospitali ya Blida picha za kipimo cha Kizungu, wakaona wanashindwa kusimulia. Hawakusema kwamba wanawake hao hawana ubunifu. Walisema kosa liko kwenye kipimo, kwa kuwa hakuna awezaye kusimulia ulimwengu asioujua.

Somo hilo linaigusa Katanga moja kwa moja. Hata picha zikichorwa upya, bado mchoraji, mwulizaji na mwandika majibu walikuwa upande mmoja, na mwajiri alikuwa nyuma yao. Mfanyakazi aliyeulizwa aliyajua hayo. Majibu yake yalikuwa pia majibu ya mtu anayelinda kazi yake.

Mwaka 1961

Vitabu vinne vilivyotikisa utabibu wa akili vilitoka mwaka mmoja, 1961. Michel Foucault aliandika historia ya namna Ulaya ilivyowafungia wendawazimu. Erving Goffman alieleza jinsi hospitali kubwa inavyomvua mtu utu wake. Thomas Szasz alidai kwamba ugonjwa wa akili ni hadithi inayoficha migogoro ya maisha. Fanon, katika kitabu chake cha mwisho, alimjibu Carothers kwa jina. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville, na Fanon, aliyekutana naye Accra mwaka 1958, alimwandikia tanzia.

Kati ya wanne hao, Fanon ndiye wa kwetu, na msimamo wake unastahili kukumbukwa kikamilifu. Hakuikimbia tiba. Alitumia dawa na mashine za zama zake, akafungua wodi, akaanzisha gazeti la wagonjwa, kisha huko Tunis akaongoza hospitali ya mchana ambayo mgonjwa alirudi nyumbani jioni. Alipojiuzulu Blida mwaka 1956 alitoa sababu moja nzito: kazi ya daktari wa akili ni kumrudisha mtu katika jamii yake, na haiwezekani kumrudisha katika jamii inayomfanya mgeni kwenye nchi yake.

Dawa

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba klopromazini huwatuliza wagonjwa waliokuwa hawatulizwi ila kwa kufungwa. Mwaka 1958 maabara ya Paul Janssen huko Beerse, Ubelgiji, ilitengeneza haloperidoli. Dawa zote mbili zilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 1977.

Manufaa yake ni ya kweli. Mtu aliyekuwa akisikia sauti za kumtisha usiku na mchana huweza kulala, kula na kuwatambua watoto wake. Lakini dawa hizo hukakamaza viungo, hutetemesha mikono, humfanya mtu ashindwe kutulia, na zikitumiwa miaka mingi huweza kumwacha na midomo na ulimi unaochezacheza bila hiari yake. Mgonjwa asiyeelezwa hayo hudhani amerogwa zaidi, huacha dawa ghafla, na maradhi hurudi kwa nguvu. Kongo, ambako familia hulipia dawa kutoka mfukoni, hata umaskini peke yake hukatiza tiba.

Nadharia nayo ina mapengo. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba huzuni kubwa husababishwa na upungufu wa serotonini. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakasema hakuna ushahidi thabiti wa dai hilo. Wataalamu wengine wamejibu kwamba dawa inaweza kusaidia hata kama maelezo yake ni mabovu. Mjadala huo ni halali, na mgonjwa ana haki ya kuusikia.

Upungufu mwingine tunaujua Lubumbashi. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameandika jinsi nyumba za wafanyakazi zilivyoyumba baba alipopoteza uwezo wa kulisha. Baba wa namna hiyo akikosa usingizi, huzuni yake ina tarehe na ina mwajiri. Kidonge kinaweza kumpa usingizi. Hakiwezi kumpa malimbikizo yake.

Ukosoaji usiofungua mlango wa minyororo

Wapo wanaosikia haya na kuhitimisha kwamba hospitali ni ya Wazungu, tubaki na mila. Mila zetu zina hazina. John Janzen, aliyefanya utafiti Kongo ya Chini na kuchapisha kitabu mwaka 1978, alionyesha jinsi ukoo mzima unavyokaa kujadili maradhi, kuchagua tiba na kumsindikiza mgonjwa. Hospitali nyingi zimekosa hilo. Lakini mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilikusanya ushahidi kutoka nchi zipatazo 60 za watu waliofungwa minyororo majumbani, kwa waganga na katika kambi za maombi. Anayemfunga mgonjwa kwa jina la Mungu au la mababu hana ubora kuliko Mathari ya zamani.

Sheria pia hubadilika, nayo hubadilishwa na wagonjwa wenyewe. Zambia, ng'ambo ya Luapula, ilitumia sheria ya maradhi ya akili ya mwaka 1949, yenye kifungu kilichowaita wagonjwa kwa majina ya matusi. Mwaka 2017 watu wanaoishi na maradhi hayo walishinda Mahakama Kuu kuhusu kifungu hicho, na sheria mpya ikapitishwa mwaka 2019.

Hukumu yangu ni hii. Utabibu wa akili ulitukosea kila uliposema kabla ya kusikiliza, na ulitufaa kila uliposikiliza kwanza. Basi daktari aulize habari za kazi, ndoa, msiba na vita kabla ya kuandika jina la ugonjwa, na aeleze madhara ya dawa kwa lugha ya mgonjwa. Serikali ifikishe dawa na wauguzi waliofunzwa hadi vituo vya afya vya Kasomeno na Kasenga, ili safari ya Lubumbashi iwe kwa wachache wanaoihitaji. Nanyi ndugu wa mgonjwa, ingieni naye kwa daktari, ulizeni jina la dawa na muda wake, wala msikubali afungwe, hata awe nani anayeishika kamba.