Julai: wa saba ulioitwa wa tano

Kiswahili kina njia mbili za kuutaja mwezi huu: mwezi wa saba, au Julai. Njia ya kwanza ni hesabu tu. Ya pili imebeba jina la mtu, na chanzo chake ni mwaka 44 KK.

Kabla ya hapo Warumi waliuita Quintilis, yaani wa tano, kwa kuwa zamani mwaka wao ulianza Machi. Mtawala wao Julius Caesar alizaliwa mwezi huo. Ndiye pia aliyerekebisha kalenda, akisaidiwa na Sosigenes, mtaalamu wa nyota. Ili miezi irudi kwenye majira yake, mwaka 46 KK ulirefushwa hadi siku 445.

Tarehe 15 Machi 44 KK, maseneta walimuua Caesar kwa visu mjini Roma. Mwaka huohuo mwezi wa Quintilis ukapewa jina lake: Julai. Julai ilipofika, katika michezo ya kumuenzi marehemu, nyota yenye mkia ilionekana angani, na wengi waliamini ni roho yake. Mwaka 8 KK, mtawala Augustus naye akapewa mwezi unaofuata: Agosti.

Waswahili wa pwani wana hesabu yao nzuri ya miezi isiyotaja mtawala yeyote. Baada ya Ramadhani huja Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Kenda, kisha Rajabu na Shaabani. Kinachohesabiwa ni umbali kutoka kwenye saumu. Ndiyo maana mwezi wa Maulidi huitwa Mfungo Sita.