Mbwa aliyeitwa mshenzi

Wiki iliyopita nilikuwa natafsiri habari fupi ya mashindano ya mbwa huko Ulaya (kazi kama hizo hupewa mwandishi mdogo kuliko wote chumba cha habari, msiniulize kwa nini), nikakutana na jina lililonifanya niache kuandika. Nikalisoma kwa sauti: Basenji. Mwenzangu wa meza ya jirani akageuka. "Unamtukana nani asubuhi asubuhi?"

Hakuwa amekosea. Toa hiyo "ba", weka "wa", kama ilivyo tofauti ya Kiswahili chetu na lugha nyingi za Kongo, unapata washenzi. Mbwa wa mashindano, anayelala kwenye godoro lake na kuwa na daktari wake, anaitwa Mshenzi, na wenye mbwa wanalitamka jina hilo kwa mahaba kabisa.

Jamani, nikaacha tafsiri nikaanza kuchimba.

Neno lenyewe tunalijua. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, na wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, akiwamo Richard Burton, walilikuta na kuliandika kwenye vitabu vyao. Likapanda na misafara ya pembe na watumwa hadi Kongo ya mashariki. Wabelgiji walipoishika nchi walilipenda, wakalifanya jina la Mwafrika wa kijijini ambaye, kwa macho yao, hajastaarabika. Kenya nako walowezi waliingiza "shenzi" kwenye Kiingereza chao, na mbwa yeyote asiye na ukoo wa Ulaya akawa mbwa shenzi. Kwa hiyo mbwa huyu hakuitwa mshenzi kwa tabia zake. Walioitwa hivyo ni wenyewe waliomfuga, yeye akarithi.

Na ni nani hao? Ni wawindaji wa misitu na mbuga za Kongo ya kaskazini na Sudan Kusini ya leo: Wazande, Wambuti na Waefe wa Ituri, na jirani zao. Mbwa wao ni mdogo, kilo 10 au 11 hivi, kimo chake sentimita 40 na kidogo, masikio wima, paji la uso lina mikunjo kama mzee mwenye deni, mkia umejiviringa juu ya mgongo. Tena habweki. Si bubu, maana koo lake limeumbwa tofauti, na akifurahi hutoa mlio wa kupanda na kushuka ambao mimi ningeufananisha na vigelegele. Lakini kule "bwe bwe" kwa mbwa wa mtaani kwenu, hana.

Sasa, mbwa asiyebweka utamfuataje msituni ambako huoni hatua kumi mbele? Wawindaji walilijibu swali hilo zamani: wanamvalisha shingoni kengele ya mti. Mbwa anaingia kichakani, kengele inagonga, mnyama anakurupuka kuelekea kwenye wavu au kwa wenye pinde, na mwindaji anajua kwa sikio mbwa wake yuko wapi. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyepita nchi ya Wazande karibu na mwaka 1870, aliwaona mbwa hao na kuwaandika. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, hadi Misri ya kale, kwa sababu jiwe la kaburi la Mfalme Intef wa Pili, la miaka kama 4,000 iliyopita, lina mbwa wake na majina yao. Michoro ya Misri ina mbwa wa masikio wima na mikia ya kujikunja, kweli, ila picha si cheti cha kuzaliwa. Mimi naridhika na vinasaba: utafiti wa mwaka 2004 ulimweka Basenji kwenye kundi dogo la mbwa wa kale zaidi, na mwaka 2021 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vyake wakimweka karibu na shina la mti wa mbwa wote. Kumbe mshenzi ndiye mzee wa ukoo!

Safari yake ya kwenda Ulaya ilikuwa ya misiba. Wa kwanza walioneshwa London mwaka 1895, wakafa punde kwa maradhi ya mbwa ambayo miili yao haikuyajua. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliondoka Sudan na mbwa sita. Nao wakafa, safari hii baada ya chanjo. Ni Olivia Burn ndiye aliyefanikiwa, na mwaka 1937 mbwa wake walijaza watu kwenye maonesho ya Crufts, kila mtu akitaka kumwona mbwa asiyebweka. Jina Basenji likakaa katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1941 jike mmoja aligunduliwa Boston ndani ya meli ya kahawa iliyotoka Afrika Magharibi, kakonda vibaya, hakuna aliyemkatia tiketi. Wakamwita Congo. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams, Mwingereza, alikwenda Sudan ya kusini akarudi na jike aitwaye Fula, ambaye damu yake imo kwenye koo nyingi za leo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wazazi wa kwanza walikuwa wachache mno, watoto wakaoana ndugu kwa ndugu, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea: mbwa anakojoa sukari na virutubisho vyake vyote hadi anakwisha. Wamarekani walihangaika. Mwishowe mwaka 1987 na 1988 Jon Curby na Michael Work wakafunga safari hadi Zaire ya kaskazini-mashariki kutafuta damu mpya vijijini, na mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake la ukoo, lililokuwa limefungwa, kuwapokea. Kipimo cha vinasaba vya Fanconi kilikuja baadaye, mwaka 2007 na kingine bora 2011, lakini damu ya kuokoa mbwa wa maonesho ilitoka kwa wale wale walioitwa washenzi.

Na mbwa hao wapya waliitwaje? Avongara. Ni jina la ukoo wa kifalme wa Wazande.

Nilimkumbuka babu mzaa mama, mtu wa Urambo, aliyenisimulia alivyofika Dar miaka ya 1950 na madebe ya asali. Mnunuzi alionja, akalamba kidole, akasema asali ya washenzi ni tamu. Babu alipokea fedha, akazihesabu mara mbili. Alinisimulia hayo akiwa na miaka zaidi ya themanini na bado alikumbuka shilingi ngapi.

Kwenye tafsiri yangu niliandika "mbwa wa uwindaji wa Kizande". Mhariri akalifuta, akarudisha Basenji, na ndivyo lilivyotoka.