Kisukari kwa watoto: mhudumu aliyefunzwa hufanya nini, na wewe uulize nini

Kisukari cha aina ya 1 hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu na mwili hukosa nguvu. Mtoto wa umri wowote anaweza kuupata ugonjwa huu. Hausababishwi na kula peremende, na si kosa la mama.

Mtoto akipata insulini kila siku, anaweza kukua, kusoma na kucheza kama wenzake. Asipoipata, hali yake huweza kuwa mbaya sana ndani ya siku chache.

Kwa nini ugonjwa huu hukosewa

Dalili zake hufanana na za magonjwa tuliyoyazoea. Kutapika na maumivu ya tumbo hudhaniwa kuwa malaria. Kuhema hudhaniwa kuwa nimonia. Kukojoa sana hudhaniwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Mtoto hurudishwa nyumbani na dawa, huku sukari ikizidi kupanda. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, mtoto anaweza kuwa na kisukari pia.

Dalili nne za mwanzo ni hizi:

- kukojoa mara kwa mara, au kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha;
- kiu isiyoisha;
- kupungua uzito ingawa anakula;
- uchovu usio wa kawaida.

Mafunzo hubadilisha nini

Katika mkoa wa Parma, Italia, miaka ya 1990, mabango kuhusu dalili hizi yalibandikwa shuleni, na madaktari wa watoto wakapewa maelezo na vifaa vya kupima sukari. Kabla ya hapo, watoto 78 kati ya 100 waligunduliwa wakiwa tayari katika hali ya hatari. Baadaye walikuwa takriban 13 tu kati ya 100.

Leo Jumuiya ya Kimataifa ya Kisukari cha Watoto na Vijana (ISPAD) hutoa mwongozo kwa madaktari na wauguzi. Mwongozo wa 2022 una sura maalumu kwa maeneo yenye vifaa vichache. Mwaka huohuo, nchi za Afrika zilizo chini ya Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkakati wa PEN-Plus, unaolenga kuwafunza wahudumu wa hospitali za wilaya kutibu magonjwa kama kisukari cha aina ya 1, selimundu na ugonjwa wa moyo, ili familia zisilazimike kufuata huduma mjini.

Utegemee nini kliniki

Mhudumu aliyefunzwa akiona dalili hizi hupima sukari siku hiyohiyo. Tone moja la damu kutoka kidoleni linatosha, na majibu hutoka papo hapo. Sukari ikifika 11.1 au zaidi kwa mtoto mwenye dalili, hapaswi kuambiwa arudi wiki ijayo. Anahitaji matibabu siku hiyo.

Asipopimwa, sema kwa utulivu: "Daktari, mtoto anakojoa sana, ana kiu na amekonda. Naomba apimwe sukari." Ni haki yako kuomba.

Mtoto akishagunduliwa, kukufundisha wewe ni sehemu ya matibabu. Usiondoke kabla hujaelewa:

- jinsi ya kuchoma insulini chini ya ngozi, na kubadilisha sehemu ya kuchoma;
- jinsi ya kupima sukari nyumbani na kuandika majibu kwenye daftari;
- jinsi ya kutunza insulini isipate joto wala kuganda; pasipo friji, chungu cha udongo kinacholowanishwa maji husaidia kuipoza;
- la kufanya sukari ikishuka: mtoto akitetemeka, akitoka jasho au akichanganyikiwa, mpe maji yenye sukari haraka, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu usimnyweshe kitu; mlaze ubavu na umpeleke hospitali;
- la kufanya siku akiumwa na asipokula: insulini haiachwi kabisa. Uliza dozi ibadilishwe vipi.

Mwombe mhudumu akutazame ukichoma mwenyewe. Kama baba, bibi au dada humlea mtoto, waende nao wajifunze. Mweleze na mwalimu wake. Usiache insulini kwa ajili ya dawa za mitishamba au kwa sababu mtoto anaonekana amepona.

Mpeleke hospitali mara moja

Usisubiri kesho ikiwa mtoto mwenye dalili za kisukari anatapika, anaumwa tumbo, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama matunda, au analala na ni vigumu kumwamsha. Ukifika mapokezi, sema mara moja kwamba huenda ni sukari.